Wimbo wa Kumsindikiza Chopin

Kuagana kwa mwalimu wa muziki na mwanafunzi aliyehitimu ni tukio ambalo kwa kawaida haliachi alama katika maandishi ya historia, kwa kuwa sehemu yake kubwa hupita kwa maneno ya mdomo, kwa kupeana mikono na kwa cheti chenye mstari mmoja au miwili ya sifa, kisha mwanafunzi huenda zake na mwalimu hurudi darasani kumpokea mwingine. Ndiyo maana kuagana kwa Józef Elsner na Fryderyk Chopin, jambo lililoanza mjini Warszawa mwaka 1829 na ambalo lilikuwa bado halijaisha mwishoni mwa mwaka 1831, kunastahili sura ya peke yake: mwalimu aliacha ripoti ya mtihani, akaacha wimbo alioutunga mahsusi kwa ajili ya safari, akaacha na barua, na mwanafunzi naye akajibu, kwa barua na kwa muziki. Mtu akivisoma vitu hivyo kwa pamoja hupata kuona jambo ambalo ni nadra kuonekana waziwazi, yaani kile ambacho mwalimu hukubali kukiachilia pale anapomwachilia mwanafunzi wake, na kile ambacho huendelea kukidai hata mwanafunzi akiwa mbali.

Elsner mwenyewe hakuzaliwa Mpoland. Alizaliwa mwaka 1769 katika mji mdogo wa Grottkau huko Silesia, jimbo lililokuwa wakati huo chini ya mfalme wa Prussia, katika familia iliyozungumza Kijerumani. Akasoma Breslau, kisha akaenda Vienna kwa nia ya kuwa tabibu, nia ambayo muziki uliishinda. Baada ya kupiga fidla katika okestra ya Brünn na kuiongoza okestra ya jumba la maigizo la Lemberg, mji ambao leo huitwa Lviv, alihamia Warszawa mwaka 1799 pamoja na Wojciech Bogusławski, mwigizaji na mwongozaji ambaye Wapoland humhesabu kuwa baba wa jukwaa lao la taifa, na kwa takriban robo karne Elsner akawa kiongozi wa opera, yaani tamthilia ambayo maneno yake huimbwa kwa kusindikizwa na okestra, katika Jumba la Maigizo la Taifa. Nchi aliyoihamia ilikuwa imefutwa kwenye ramani tangu mwaka 1795, ilipomalizwa kugawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria, na hata baada ya mwaka 1815, ulipoundwa ufalme ulioitwa wa Poland, mfalme wake alikuwa ndiye huyo huyo Kaizari wa Urusi. Katika hali hiyo Elsner aliichukua nchi ya wengine akaifanya yake: alitunga opera za Kipoland juu ya wafalme wa kale, miongoni mwake *Leszek Biały* ya mwaka 1809 na *Król Łokietek* ya mwaka 1818, na mwaka huo wa 1818 akatoa pia risala juu ya vina na mapigo ya lugha ya Kipoland, akitaka kuthibitisha kwamba lugha hiyo ilifaa kuimbwa sawa na Kiitalia. Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu mtu aliyeichagua nchi kwa hiari yake mara nyingi huithamini kwa namna ambayo mzaliwa hana haja ya kuieleza, na ombi ambalo Elsner alikuja kumpa mwanafunzi wake siku ya safari lilitoka katika uchaguzi huo.

Mwaka 1826 ilianzishwa mjini Warszawa Shule Kuu ya Muziki, iliyounganishwa na chuo kikuu cha mji huo, naye Elsner akawa mkuu wake. Chopin alijiunga nayo msimu wa vuli wa mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 16, baada ya kutoka katika shule ya sekondari ambako baba yake, Mfaransa aliyehamia Poland, alikuwa akifundisha Kifaransa. Kwa Elsner alisoma utunzi, hamonia, ambayo ni elimu ya kuzipanga sauti zinazosikika kwa wakati mmoja ili zipatane, na kontrapunti, ambayo ni ufundi wa kuzifuma tuni mbili au zaidi ili kila moja iende kwa njia yake na bado zote zisikilizane; kwa kontrapunti peke yake alikuwa akienda kwa mwalimu wake saa sita kila wiki. Piano hakuja kujifunza, kwa maana ile alikuwa nayo tayari.

Hiyo piano aliipata kwa mwalimu mwingine, na kuagana kwao, kulikopita kimyakimya kabla ya kuagana kwa Elsner, kunahitaji kusemwa kwanza. Wojciech Żywny alikuwa mzee kutoka Bohemia, aliyezaliwa mwaka 1756, na ala yake hasa ilikuwa fidla; alianza kumfundisha Fryderyk mwaka 1816, mtoto akiwa na umri wa miaka sita, na kwa muda wa miaka kama sita hivi alimlisha muziki wa Bach na Mozart katika kipindi ambacho Bach alikuwa bado hajarudi katika heshima aliyo nayo leo. Tarehe 23 Aprili 1821, siku ya sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu ambaye Żywny alipewa jina lake, mtoto yule alimkabidhi mwalimu poloneizi aliyoitunga mwenyewe, poloneizi ikiwa ni ngoma ya Kipoland ya mapigo matatu yenye mwendo wa maandamano, na kwenye karatasi akaandika kwamba ni zawadi kwake. Muda si mrefu baada ya hapo Żywny aliacha kumfundisha, kwa sababu vidole vya mtoto vilikuwa vimekwenda mahali ambapo mwalimu hangeweza kuvifuata; wala hakutafutwa mwalimu mwingine wa piano wa kuchukua nafasi yake. Mwalimu wa fidla aliyetambua kwamba kazi yake ya piano imekwisha, na ambaye hakung'ang'ania, alimwachia mwanafunzi uhuru wa kuitafuta njia ya mkono wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya upya wa Chopin katika upigaji wa piano hutokana na uhuru huo. Alichokiweka Żywny hakikupotea: katika miaka yake ya Paris, Chopin alipojiandaa kwa maonesho alijifungia akipiga Bach, si tungo zake mwenyewe, na alipokwenda Majorca majira ya baridi ya mwaka 1838 hadi 1839, alikokamilisha zile *Preludes* 24 zinazopita katika funguo zote 24, Bach alikuwa miongoni mwa alivyobeba.

Kwa Elsner mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa utunzi, tofauti na upigaji wa ala, una kanuni zinazoandikika, na mwalimu wa kanuni huwa na kishawishi kikubwa cha kuzilinda. Msimamo wa Elsner, kama unavyojitokeza katika barua zake na katika simulizi za waliomfahamu, ulikuwa kwamba mwanafunzi mwenye kipaji cha wazi asifungwe kwa mwalimu mmoja, wala njia moja, wala ladha ya taifa moja, na kwamba haitoshi mwanafunzi kumfikia mwalimu wake au kumpita, bali apate kitu ambacho ni chake peke yake. Maneno ya namna hii ni rahisi kuyasema, na walimu wengi wa kila zama wameyasema. Uzito wake hupimwa kwa kazi za wanafunzi. Mwaka 1828 Chopin, akiwa bado shuleni, alitunga sonata ya piano katika ufunguo wa C mainori, sonata ikiwa ni utungo wa sehemu kadhaa zenye miendo tofauti, akamtunukia Elsner. Kazi yenyewe ni nzito na imekaza misuli, kazi ya kijana anayetaka kuonesha kwamba amesoma, lakini sehemu yake ya tatu, ile ya mwendo wa pole, imepangwa kwa mapigo matano katika kila kipimo, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa kwa muziki wa piano wa wakati ule, uliotembea kwa mapigo mawili, matatu au manne. Mkaguzi wa kanuni angelichora mstari mwekundu juu yake. Elsner aliliacha likae katika kazi iliyobeba jina lake.

Wapo wachambuzi wa baadaye waliomlaumu Elsner kwa hayo. Wanaonesha kwamba katika sonata hiyo, na tena katika utungo wa piano, fidla na cello ambao Chopin aliukamilisha mwaka uliofuata, sehemu ya kwanza hung'ang'ania ufunguo wake wa mwanzo mahali ambapo desturi ya Vienna ilitaka muziki uhame uende ufunguo mwingine ili safari ya kurudi iwe na maana, nao husema kwamba mwalimu mwenye nidhamu angemfundisha kijana huyo desturi hiyo mapema. Lawama ina ukweli wake, kwani tungo hizo mbili hudorora pale ambapo za Beethoven hupamba moto. Lakini anayeipima shule kwa zoezi la mwaka wa pili huiacha nje ya mizani nusu ya hesabu, maana kijana huyo huyo, chini ya mwalimu huyo huyo, mwaka 1827 alikuwa ameshatunga vibadala vya piano na okestra juu ya tuni ya Mozart kutoka opera ya *Don Giovanni*, vile ambavyo Robert Schumann alivipokea mwaka 1831 kwa makala ya kumtangaza mtunzi wake kuwa mtu wa kipaji kisicho na kifani. Mwalimu aliyemwacha akosee katika sonata ndiye aliyemwacha apatie pale.

Ripoti ya mwisho iliandikwa Julai 1829. Elsner, ambaye katika miaka iliyotangulia alikuwa amekwisha kutaja uwezo wa pekee wa kijana huyo, safari hii aliongeza neno ambalo walimu wa shule hulikwepa kuliandika katika daftari la serikali: kwamba ana kipaji cha hali ya juu kabisa cha muziki, kile ambacho lugha za Ulaya hukiita jiniasi. Ripoti yote juu ya Chopin ni maneno machache tu. Mwaka huo huo baba yake aliomba serikali imlipie kijana gharama za kusafiri na kujifunza nje ya nchi, na ombi likakataliwa, hivyo ule mstari wa mwalimu ukabaki kuwa hati pekee rasmi iliyosema ukweli wote juu yake. Familia ikajilipia yenyewe. Agosti 1829 Chopin alipiga mara mbili mjini Vienna, akashangiliwa, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo jambo la kuagana lilipopata sura ambayo kila mwalimu wa muda mrefu huifahamu, yaani kuhitimu kulikwisha lakini kuondoka hakukutokea. Kwa zaidi ya mwaka mzima Chopin alikaa Warszawa akiwa si mwanafunzi tena na bado hajawa msanii wa mahali pengine popote. Alitunga koncheto mbili, koncheto ikiwa ni utungo ambamo ala moja hutangulia na okestra huifuata na kuijibu, akaipiga ya kwanza katika Jumba la Maigizo la Taifa tarehe 17 Machi 1830, na ya pili katika onesho la kuaga tarehe 11 Oktoba. Safari ilipangwa ikaahirishwa, ikapangwa tena, na katika barua kwa rafiki yake Tytus Woyciechowski aliandika kwamba anahisi anakwenda kufa mbali na nyumbani. Kipindi hiki cha kusuasua hupitwa haraka na waandishi wa wasifu, ambao huona ndani yake mapenzi ya kijana kwa mwimbaji mmoja, lakini kinaeleza kitu kuhusu mwalimu vilevile: hakuna dalili kwamba Elsner alimpa kazi nyingine ya kumfanya abaki, ingawa shule yake haikuwa na mwanafunzi mwingine wa daraja hilo, na katika mji mdogo kwa mambo ya muziki mwanafunzi kama huyo huwa ndiye sifa ya shule.

Safari ilianza hatimaye tarehe 2 Novemba 1830, siku ambayo Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote. Gari la abiria lilitoka mjini kuelekea magharibi, na lilipofika Wola, nje kidogo ya Warszawa, penye kizuizi cha barabara, lilikuta Elsner na kundi la wanafunzi wa shule wakilisubiri. Walisimama wakaimba kantata, yaani utungo wa kuimbwa na kundi la sauti, ambayo Elsner alikuwa ameitunga kwa ajili ya saa hiyo tu, kwa sauti za kiume na gitaa. Maneno yake yalikuwa ya Ludwik Adam Dmuszewski, mwigizaji na mwandishi wa tamthilia aliyekuwa pia mhariri wa gazeti la *Kurier Warszawski*, na gazeti hilo liliwajulisha wasomaji wake juu ya tukio hilo. Uchaguzi wa gitaa unaonesha akili ya mtu aliyeishi maisha yote katika majumba ya maigizo: piano haibebeki hadi kando ya barabara, okestra haiwezi kuzishika karatasi zake katika upepo wa Novemba, bali gitaa moja latosha kuwapa waimbaji ufunguo na mapigo wakiwa wamesimama kwenye tope. Huko pwani ya Afrika Mashariki mgeni wa heshima husindikizwa hatua kadhaa nje ya mlango, na umbali wa hatua hizo ndiyo kipimo cha heshima. Elsner, mtu wa miaka 61, alimsindikiza mwanafunzi wake hadi mwisho wa mji.

Maudhui ya kantata hiyo hayana fumbo. Inamtaja Chopin kuwa mzaliwa wa nchi ya Poland, inataka kipaji chake kivume kila mahali, na inaitaja mito ya miji mikuu ambako huenda akafika, kuanzia Danube hadi Seine, kisha inamwomba kwamba kokote atakakokuwa azipige ngoma za kwao, mazurka na krakowiak, na inamwambia kwamba hata akiondoka moyo wake utabaki miongoni mwao. Haimwombi arudi. Haimpi masharti ya kazi gani atunge au mwalimu gani amfuate, wala haimtaji Elsner, ambaye kwa mila za tungo za shule angeweza bila aibu kujitengea ubeti mmoja. Kitu pekee inachokidai ni lafudhi, kwa maana kwamba muziki wake usikike umetoka wapi, na hilo ni dai ambalo mwalimu anayo haki ya kulitoa, kwa kuwa halimfungi mwanafunzi kwa mwalimu bali kwa watu waliowazaa au kuwapokea wote wawili.

Hadithi moja iliyoenezwa na waandishi wa wasifu wa karne ya 19 husema kwamba hapo Wola Chopin alipewa pia kikombe cha fedha kilichojaa udongo wa Poland, na kwamba udongo huo ulikuja kumwagwa juu ya jeneza lake mjini Paris. Watafiti wa leo huihesabu kuwa ni ngano, na kwa kweli tukio halihitaji pambo hilo. Kantata yenyewe ilibaki, na maneno yake yalichapwa.

Siku 27 baadaye, tarehe 29 Novemba, vijana wa Warszawa waliinuka dhidi ya utawala wa Urusi. Chopin alikuwa ameshafika Vienna. Woyciechowski, aliyekuwa akisafiri naye, alirudi kupigana, na Chopin akabaki peke yake katika mji ambao safari hii haukumshangilia. Vita vilidumu karibu miezi kumi. Tarehe 6 Septemba 1831 jeshi la Kaizari liliushambulia mji kutokea magharibi, na ngome ya Wola ikaanguka, kiasi kwamba barabara ambayo wanafunzi walisimama wakiimba sasa ilipitiwa na mizinga. Baada ya mji kuanguka chuo kikuu kilifungwa, na Shule Kuu ya Muziki ikafungwa pamoja nacho. Kwa hiyo ule uwiano wa kawaida wa kuagana, ambamo mwanafunzi huingia katika mashaka na mwalimu hubaki mahali salama, uligeuka: aliyeondoka aliokoka, na aliyebaki, akiwa na umri wa miaka 62, hakuwa tena na shule ya kurudi.

Pengine hali hiyo ndiyo iliyozipa barua za mwisho wa mwaka 1831 ukali wake. Chopin alifika Paris msimu wa vuli, akamsikia Friedrich Kalkbrenner, aliyekuwa miongoni mwa wapiga piano wenye sifa kubwa kuliko wote katika mji huo, na Kalkbrenner akajitolea kumfundisha kwa miaka mitatu ili, kwa maoni yake, amkamilishe. Habari zilipofika Warszawa, Ludwika, dada yake Chopin, alimpelekea Elsner, kisha akamwandikia kaka yake kwamba mzee hakufurahi hata kidogo, na kwamba neno lake la kwanza lilikuwa ni husuda. Hasira ya Elsner haikuwa ya mwalimu anayenyang'anywa mwanafunzi, kwa maana alikuwa ameshamwachilia. Ilikuwa ya mtu anayeona kazi aliyoifanya kwa makusudi kwa miaka mitatu, ya kumzuia kijana asiwe nakala ya mtu yeyote, ikitaka kufutwa kwa miaka mingine mitatu ya kunakili mkono wa Kalkbrenner.

Lakini katika barua hizo hizo Elsner alitoa dai jingine, na hapa mtu anayempenda mwalimu huyu hana budi kukiri kwamba alivuka mpaka. Alitaka Chopin atunge opera. Upigaji wa piano, kwake, ulikuwa daraja moja tu la ngazi, na kilele chake ni jukwaa la maigizo, ambako muziki na lugha na historia ya taifa hukutana. Alikuwa ameutumia umri wake huko, na alitaka kumwona mwanafunzi wake akifanya kwa ukubwa kile alichokuwa amekifanya yeye kwa kadiri yake. Dai hili linafanana na lile la kantata kwa kuwa yote mawili yanataja nchi, ila tofauti yake ni kubwa, kwa kuwa la kwanza lilihusu sauti ya mwanafunzi na la pili lilihusu ndoto ya mwalimu.

Chopin alijibu tarehe 14 Desemba 1831, kwa barua ndefu ya heshima ya mtoto kwa mzazi. Alieleza kwamba miaka mitatu kwa Kalkbrenner ni mingi mno, na kwamba hakuna atakayeweza kumfanya awe nakala ya mtu, kwa kuwa anayo nia, aliyoiita ya kijasiri lakini yenye heshima, ya kujiundia ulimwengu mpya. Kuhusu opera hakusema hapana kwa neno moja. Alieleza jinsi mji wa Paris ulivyojaa vijana hodari waliohitimu konsevatori, yaani chuo cha muziki cha taifa, wanaokaa wakisubiri opera na simfonia zao zipigwe, na jinsi ambavyo mtu akishajulikana kwa piano njia huwa nyepesi kidogo. Ni jibu la mwanafunzi anayemwonea haya mwalimu wake na ambaye hata hivyo amekwisha kuamua. Kalkbrenner hakumfuata, ingawa alikuja kumtunukia ile koncheto aliyoipiga katika onesho la kuaga. Opera hakuitunga kamwe.

Dai la kwanza alilitimiza hadi mwisho wa maisha yake. Mazurka, ambayo asili yake ni ngoma za wanavijiji wa uwanda wa Mazovia unaoizunguka Warszawa, huenda kwa mapigo matatu kama waltz, lakini mkazo wake hauangukii pigo la kwanza bali huhamia la pili au la tatu, hivyo msikilizaji asiyeizoea huhisi kama ardhi inasogea chini ya mguu wa mchezaji. Chopin alikuwa akizitunga tangu utotoni, kwa hiyo si halali kusema kwamba wimbo wa Wola ndio uliozizaa. Ila mafungu mawili ya kwanza ya mazurka aliyoyachapisha yalitoka mwaka 1832, mara tu baada ya kufika Paris, na aliendelea kuzitunga hadi zikapita 50, nyingi kuliko aina nyingine yoyote ya tungo zake, na moja miongoni mwa kazi zake za mwisho kabisa, akiwa amedhoofishwa na maradhi ya kifua mwaka 1849, ni mazurka. Ndani yake kumo kontrapunti, kwani katika zile za miaka ya 1840 sauti ya juu na ya chini hufukuzana kwa ufundi ambao haukutoka kwenye ngoma za kijijini bali katika zile saa sita za kila wiki.

Elsner hakumwona tena. Chopin hakurudi Poland, na mwalimu wake alibaki Warszawa akiendelea kutunga; kazi yake kubwa kuliko zote, muziki wa mateso ya Yesu kwa kwaya na okestra, ilipigwa mjini humo mwaka 1838. Chopin naye aligeuka mwalimu, kwa kuwa mapato yake ya Paris yalitegemea masomo aliyoyatoa karibu kila siku kwa faranga 20 kwa somo, na kwa wanafunzi wake alikuwa na subira ya Elsner katika jambo moja hasa, la kuutazama kwanza mkono wa kila mmoja ulivyo kabla ya kuutaka ufanye kitu. Mmoja wao, Karol Mikuli, mwaka 1858 akawa mkuu wa konsevatori ya Lemberg, akaifundisha huko njia ya Chopin kwa kizazi kilichofuata, na baadaye akahariri chapa kamili ya kazi zake.

Elsner aliishi kuliko mwanafunzi wake. Chopin alifariki Oktoba 1849 akiwa na umri wa miaka 39, na Elsner Aprili 1854, karibu na Warszawa, akikaribia miaka 85. Kati ya vifo hivyo viwili, mwaka 1851, mchapishaji Haslinger wa Vienna alichapisha ile sonata ya C mainori, ambayo ilikuwa imekaa katika makabati ya kampuni yake tangu siku za shule na ambayo Chopin, ilipotakiwa kutolewa mwaka 1839, hakuona fahari kuiruhusu, akiiona kuwa kazi ya kijana aliyekuwa bado anajifunza. Ilitoka na mapigo yake matano, na jina la Elsner katika ukurasa wa mbele.